Usiseme Hakuna

Juu ya redio, kwenye ukuta wa chokaa, palibandikwa karatasi iliyokwisha kuwa ya njano. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: USISEME HAKUNA. SEMA SIJAONA.

Aliyeiandika alikuwa marehemu mume wa Mama Redio. Kwa miaka kumi na minne alikalia kiti kile, akiwaambia marubani upepo unatoka wapi na kama kuna ng'ombe kwenye njia ya kurukia. Ugonjwa ulipomlaza, mkewe akamshikia kiti. Ugonjwa ulipomchukua, wenye uwanja hawakumwambia ainuke, naye hakuuliza. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Jina la Mama Redio alipewa na marubani, likamganda, hata binti yake wa pekee akipiga simu kazini alisema, "Nipeni Mama Redio," na mama mtu akajibu, "Ametoka, acha ujumbe," kisha wakacheka wote wawili.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo: chumba kimoja chenye madirisha matatu, baraza, mlingoti wenye mfuko wa upepo, banda la mabati na njia ya changarawe iliyonyooka kuelekea mashariki. Mnara wa kuongozea ndege haukuwepo, na Mama Redio hakuwa mwongozaji. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Yeye haamuru. Anasema upepo, anasema anachokiona, anaandika kwenye daftari nani ametoka na nani amerudi, basi. Anayetua anatua kwa macho yake mwenyewe na kwa kutangaza redioni yuko wapi.

Ndiyo maana ya ile karatasi. Kabla ya kutua au kuruka, rubani alitakiwa atazame pande zote, kisha aseme. Wageni walizoea kusema, "Hakuna ndege nyingine." Marehemu alikuwa akiwajibu papo hapo, "Umejuaje?" Wakishatua aliwakaribisha kiti barazani na kuwaeleza kwa upole: "Ukisema sijaona, umesema habari za macho yako, na utaendelea kutazama. Ukisema hakuna, umesema habari za mbingu nzima, na shingo yako itapumzika. Anayeijua mbingu nzima ni Mmoja tu, naye haombi nafasi ya kutua."

Mkwewe Mama Redio, mume wa yule binti, aliikuta karatasi hiyo ukutani na kuifuata miaka mitatu bila matata. Alikuwa kijana mtaratibu, hakai mpaka mama mkwe akae. Alirusha ndege ndogo ya viti vinne, mabawa yake yakiwa chini ya miguu ya rubani, akipeleka dawa kwenye zahanati za mbali na kurudi na vichupa vya damu vya kupimwa. Redioni ndege hiyo iliitwa Sita Tisa, kwa tarakimu zilizoandikwa mkiani. Mke wake sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Jumatatu moja mkwe alifika na boksi dogo mkononi, uso umemchangamka kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Mama, shikamoo. Njoo uone kitu."

"Marahaba, baba. Nione nini?"

Akatoa kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye mpira wa kunasa kwenye kioo. Akakiwasha, akafungua tableti, na pale kwenye kioo cha tableti ikatokea ramani ya uwanja.

"Hiki kinasikia ndege," alisema. "Siku hizi ndege nyingi zina chombo cha kujitangaza. Kila sekunde kinapiga kelele angani: mimi fulani, nipo hapa, kimo changu hiki. Kidude hiki kinazisikia kelele, kinanichorea pembetatu ndogo. Nakibandika dirishani, naona kila aliyepo."

"Na ndege yako inapiga kelele hizo?"

"Hapana, mama. Chombo cha kupiga kelele ni ghali, kinafungwa na fundi. Hiki ni cha mkononi, kinasikia tu."

"Kumbe ni sikio bila mdomo."

"Ndiyo, mama. Kama mkwe mwema."

Mama Redio alicheka, maana kijana yule hakuwa na mazoea ya kumtania. Kisha akauliza, "Na mwenzako asiyepiga kelele?"

Hakuhitaji kumtaja. Wote walimjua Bwana Dawa, mzee aliyenyunyizia mashamba ya mashariki dawa ya wadudu kwa ndege iliyomzidi mkwe umri. Mabawa ya ndege hiyo yalikuwa juu, yakimfunika kichwa kama bati la baraza. Chombo cha kujitangaza haikuwa nacho. Redio aliyotumia ilikuwa ya mkononi, na akianza kunyunyiza alivua vifaa vyake vya masikioni kwa sababu ya makelele, mara nyingi akasahau kuvivaa tena.

"Hata yeye ataonekana," alisema mkwe. "Mnara wa serikali kule mjini unamwona kwa rada, halafu unatutumia habari zake. Subiri, anarudi muda huu."

Wakasubiri barazani. Haikupita robo saa, pembetatu ndogo ikajitokeza upande wa mashariki, ikasogea, na muda si muda ndege ya dawa ikaonekana kwa macho mahali palepale.

"Umeona, mama!"

Mama Redio aliona. Akaandika saa kwenye daftari. Na kwa kuwa ndege kubwa ya barua ilikuwa ikipita juu kwa wakati ule, kama ilivyopita siku nyingi, akaiandika pia.

Bwana Dawa aliteremka akinuka dawa kuanzia kofia hadi viatu, akaoneshwa tableti. Akaitazama kwa jicho moja. "Mimi ni hiki kidoa? Miaka yote hii angani, nimeishia kuwa kidoa!" Tangu siku hiyo alimwita mkwe Bwana Kioo.

Siku chache baadaye, neno likaingia redioni. Mkwe alikuwa anarudi, akasema, "Uwanja, Sita Tisa, natokea mashariki, hakuna mtu."

Mama Redio alitazama ile karatasi, kisha akatazama nje. Upande wa kusini, mbali kidogo, ndege ya dawa ilikuwa inageuka juu ya shamba la huko, nyeupe, wazi kabisa.

"Sita Tisa, upepo ni wa mashariki, mdogo," alijibu. "Mimi namwona Bwana Dawa kusini."

"Nimepokea, mama."

Hapakuwa na hatari siku ile, maana walikuwa mbalimbali. Ila alipoteremka, Mama Redio alimuuliza kwa sauti ya chini, asije akaonekana anamsema mkwe mbele za watu, "Baba, Jumatatu kidude kilimwona mzee. Leo mbona hakikumwona?"

"Kitakuwa kilipata joto, mama. Jua likikipiga dirishani kinajizima."

"Kilijizima leo?"

Mkwe alikuna kisogo. "Sikuangalia. Ila siku nyingi kinamwona, mama, mimi nakuambia."

Mama Redio hakuongeza. Mkwe ni mkwe, ana heshima yake. Lakini neno lile halikumtoka. Jioni ile alipopiga magoti kuomba aliwataja wote watatu, mkwe, binti na aliye tumboni. Alipoinuka, akili yake ilikuwa bado kwenye pembetatu. Yeye alisoma mpaka darasa la saba tu, na vitabu vya urubani hakuwahi kuvigusa. Alichokuwa nacho ni daftari.

Akaanza kuuliza. Kila mkwe alipoteremka, alimuuliza kama mtu anayeuliza habari za safari, "Leo kidude kimemwona mzee?" Akijibiwa ndiyo, aliweka alama ya vema pembeni ya mstari. Akijibiwa hapana, aliweka msalaba. Mkwe alidhani mama mkwe amekipenda kidude, akafurahi.

Wiki ya pili ilipokwisha alikaa na daftari barazani, miwani puani, akapitisha kidole. Vema, vema, msalaba, vema, msalaba, msalaba. Akasoma mistari ya juu na ya chini ya kila alama. Akarudia. Penye kila vema, ndege ya barua iliandikwa ikipita karibu saa hiyohiyo. Penye kila msalaba, ndege ya barua haikuwepo.

Sababu hakuijua. Lakini hakuhitaji kuijua sababu ili kujua kwamba jambo lile lipo. Akapiga simu kwa karani wa ndege ya barua, aliyejuana naye kwa sauti tu.

"Dada, hamjambo huko? Ndege yenu leo inapita saa ngapi?"

"Haipiti, mama. Ipo kwa fundi mpaka wiki ijayo. Vipi, unangoja barua ya mchumba?"

"Mchumba wangu yuko mbinguni, hahitaji stempu," alisema Mama Redio, akakata simu.

Akatazama saa ya ukutani. Mkwe alitoka tangu asubuhi na dawa zake. Bwana Dawa alitoka saa moja iliyopita kwenda mashamba ya mashariki. Wote wawili watarudi na jua usoni, kwa njia ileile ya mashariki. Na kidude leo hakitamwona mzee. Akaamua kwamba mkwe akiteremka tu atamwita chumbani, atafunga mlango, atamwonesha daftari. Heshima ina mipaka yake. Akajaribu kumwita redioni, lakini alikuwa bado mbali, nyuma ya vilima, redio ikajibu kwa mkwaruzo.

Basi akachukua darubini ya marehemu, akatoka barazani na kipaza sauti chenye waya mrefu. Waya ule marehemu aliurefusha mwenyewe, kwa sababu alisema mtu aliyefungiwa ndani anaona ukuta.

Saa tisa na dakika ishirini redio ikaamka.

"Uwanja, Sita Tisa. Natokea mashariki, natua moja kwa moja. Hakuna mtu."

Sauti ya mkwe ilikuwa imetulia, ya mtu anayerudi nyumbani. Mama Redio aliinua darubini. Akaiona Sita Tisa, ndogo kama nzi, ikishuka kwenye mstari wa njia ya kurukia. Akashusha darubini kidogo tu, upana wa kidole.

Chini ya Sita Tisa kulikuwa na nyingine.

Ndege ya dawa ilikuwa imepanda kutoka mashambani ilikokuwa ikiruka chini kama kawaida yake, ikaingia kwenye mstari uleule, nayo ikirudi nyumbani. Ile ya juu ilikuwa inashuka haraka, ile ya chini polepole. Aliyekuwa juu, bawa lake lilimficha aliye chini. Aliyekuwa chini, bawa lake lilimficha aliye juu. Wote wawili walikuwa wanatazama mahali pamoja, mwanzo wa njia ya changarawe, na kila mmoja alijiona peke yake duniani.

"Bwana Dawa, Bwana Dawa, unanisikia?" alisema Mama Redio.

Kimya. Alijua vile vya masikioni viko shingoni.

Miaka tisa hakuwahi kumwamuru rubani kitu. Haikuwa kazi yake, na wenye uwanja walimwambia siku ya kwanza: mama, wewe ni upepo tu. Tena huyu ni mkwewe, na redio ile inasikiwa na kila mtu. Hayo yote yalimpitia kwa muda wa pumzi moja, na kwenye pumzi ya pili aliona binti yake amekaa kitandani na nguo nyeusi ambayo yeye mwenyewe aliifahamu mpaka mishono yake.

"Sita Tisa," alisema, sauti yake haikupanda. "Mimi naona ndege mbili. Wewe, na Bwana Dawa chini ya tumbo lako. Panda, baba. Panda sasa."

Kilichofuata kilionekana kirefu kuliko kilivyokuwa. Kisha injini ya Sita Tisa ikanguruma, pua ikainuka, na nafasi kati ya ndege mbili, iliyokuwa imebaki ya kupitisha nyumba mbili za ghorofa, ikaanza kupanuka. Sita Tisa ikapita juu ya uwanja, ikapinda kushoto. Ndege ya dawa ikaendelea kushuka kama vile hapajatokea jambo, ikagusa changarawe, ikakimbia, ikasimama.

"Nimemwona," alisema mkwe redioni. Halafu, baada ya muda, "Nimemwona, mama."

"Upepo ni wa mashariki, mdogo," alijibu Mama Redio. Akakaa.

Bwana Dawa alifika barazani wa kwanza, akijifuta shingo. "Bwana Kioo kaniaga juu kwa juu, mbona? Kasahau mzigo?" Alipomtazama mama usoni, mzaha ukamfia mdomoni. "Kuna nini?"

Akaambiwa. Akakaa chini, hata kofia hakuivua. Mkono ukamwenda shingoni, ukavikuta vya masikioni, akavivua na kuvishika mapajani kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu.

"Hili langu," alisema.

"Lako nusu," alisema Mama Redio.

Mkwe aliteremka akatembea polepole kutoka bandani, tableti kwapani. Safari hii alikaa bila kungoja mtu akae. Akaiweka tableti mezani. Kidude kilikuwa hai, taa yake ya kijani inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na ramani, njia ya kurukia, na nafasi nyeupe. Bwana Dawa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, na ndege yake ilikuwa bado ina moto.

"Hakikuzimika," alisema mkwe. "Nilikitazama njia nzima. Kilikuwa kitupu, nikasema hakuna."

Mama Redio akaleta daftari, akalifungua, akaonesha kwa kidole vema na misalaba, na ndege ya barua kando ya kila vema. Mkwe alisoma mistari yote, kisha akaenda kwenye mkoba wake, akatoa boksi lile la siku ya kwanza. Ndani mlikuwa na kitabu cha maelezo, bado kimekunjwa kwenye nailoni yake. Akasoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Alipofika ukurasa wenye maandishi madogo, aliuwekea kidole.

"Mnara hautangazii kila mtu," alisema. "Unajibu zile ndege zinazojitangaza. Kila moja inapewa habari za majirani zake wa karibu tu. Ndege ya barua inajitangaza. Kwa hiyo ilipopita hapa, mnara uliiambia habari za mzee, na mimi nikasikia kwa pembeni. Mimi sijitangazi. Mnara haujui kama nipo. Ikiondoka ile, mimi siambiwi kitu."

"Kumbe siku zote hizo," alisema Bwana Dawa, "ulikuwa unasikiliza simu ya jirani!"

"Na jirani alipokata," alisema Mama Redio, "ukadhani mtaa mzima umelala."

Mkwe hakucheka. "Ile Jumatatu nilikuonesha kwa macho yako, mama. Nilikionesha kinafanya kazi."

"Kilifanya kazi, baba. Hakikusema uongo hata mara moja. Kilikuambia kilichosikia. Aliyesema hakuna ni wewe."

Hilo lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia mume wa binti yake, na alilisema kama anavyosema upepo. Mkwe aliinamisha kichwa. Bwana Dawa akajifanya ana kazi na kamba ya kiatu.

Baadaye, Mama Redio alipokuwa anafunga madirisha, mkwe alibaki mlangoni.

"Mama, utamwambia mwenzangu?"

Mama Redio alifunga dirisha la pili na la tatu. "Akiniuliza nimeona nini leo, nitamwambia nimemwona mume wake ametua. Mengine ni ya kinywa chako. Ila usimfiche. Mwanamke aliyefichwa jambo analala na hofu mbili."

Alimwambia. Mama Redio alijua, kwa sababu binti alipiga simu asubuhi iliyofuata kabla hata redio haijapata moto, na hakusema nipeni Mama Redio. Alisema, "Mama," akanyamaza, akasema tena, "Mama." Wakakaa hivyo kwenye simu, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua. Kisha binti akasema mtoto anapiga mateke, na mama akasema vizuri, apige.

Kidude hakikutupwa. Mkwe alikibandika dirishani mahali palepale, kwa sababu ndege kubwa kilizisikia mbali sana, na kusikia si dhambi. Bwana Dawa alinunua kamba, akafunga vya masikioni kwenye kofia yake kwa mshono mmoja baada ya mwingine, visivulike ila na kofia yenyewe, na kofia hiyo hakuivua kamwe; watu walisema hata siku ya kuoa alikuwa nayo.

Asubuhi ya safari iliyofuata, saa mbili kasoro robo, Sita Tisa ilitoka bandani ikasimama mwanzo wa njia. Haikuruka. Ilizunguka palepale juu ya magurudumu yake, polepole, mzunguko mzima, kama mwenye nyumba anayeangalia uwanja kabla ya kufunga mlango. Mama Redio alimwona mkwe ndani ya kioo, shingo imenyooka, kichwa kikienda kushoto, kulia, juu. Kisha ndege ikasogea upande mmoja wa njia, na kichwa kile kikatazama tena mashariki, kule chini karibu na miti.

"Uwanja, Sita Tisa. Naruka kwenda mashariki." Akasita. "Sijaona mtu. Bado natazama."

Mama Redio alitoka barazani akivuta waya. Akatazama mashariki, kusini, akazunguka nyumba hadi waya ulipoishia, akatazama na kule ambako ndege hazitokei. Alichukua muda wake. Ndipo akabonyeza kipaza sauti.

"Upepo ni wa mashariki, mdogo," alisema. "Na mimi sijaona, baba. Nenda salama."